Mizani ya Maji ya Ziwa Kivu

Tabia ya maji ya Ziwa Kivu, ambalo rasi zake za kusini zimebeba sehemu kubwa ya mji wa Bukavu, ilitokana na volkano. Hapo kale maji ya bonde hili yalitiririka kuelekea kaskazini, hadi milima ya Virunga ilipoinuka na kuyazuia. Ziwa likajaa, na yapata miaka 10,000 iliyopita likapata mlango wa kusini, pale ambapo mto Ruzizi unaanzia Bukavu na kushuka hadi Ziwa Tanganyika. Wakati huohuo chemchemi za chini ya ardhi ziliendelea kuliingizia chumvi na gesi.

Kipimo cha pH, kinachoonyesha kiasi cha tindikali katika maji, huihesabu 7 kuwa katikati: chini yake kuna tindikali, juu yake kuna alikali. Maji ya juu ya Kivu hufikia 9 na kuzidi, ilhali ya bahari hukaribia 8.1; sababu ni kwamba maji ya Kivu yamejaa bikaboneti, yaani chumvi zinazoizima tindikali kabla haijayabadili maji. Kivu huzipata kutoka kwenye miamba na chemchemi zake. Vilindini hali hugeuka, kwani kaboni dioksidi iliyoyeyuka huishusha pH hadi kati ya 6 na 7, na maji hayo, kwa uzito wa chumvi zake, hayapandi kuchanganyika na yale ya juu. Ndiyo maana oksijeni haivuki mita 70 hivi katika ziwa lenye kina cha mita 485.

Matabaka hayo yalielezwa kisayansi na Mbelgiji Hubert Damas, aliyeyapima katika miaka ya 1935 na 1936. Taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947 na kuweka makao yake Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, ililipa eneo hilo kituo cha kudumu cha sayansi. Na katika miaka ya 1970 vipimo vya watafiti Egon Degens na Klaus Tietze vilibainisha ukubwa wa hazina ya methani na kaboni dioksidi iliyomo vilindini.

Mkono wa binadamu ulikuwa umekwisha kuligusa ziwa. Mwaka 1959 vifaranga vya samaki wa Tanganyika vilipandikizwa Kivu, ambako hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya maji ya katikati, na aliyestawi ni yule anayeitwa sambaza. Wavuvi wa Bukavu humfuata usiku usio na mbalamwezi kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwavuta samaki juu ya wavu uliotandazwa chini, kisha wavu huinuliwa kwa pamoja. Sambaza amelisha kaya nyingi, lakini kidudu cha Daphnia, aliyekuwa mlaji mkuu wa mwani, alitoweka, jambo ambalo mtafiti Henri Dumont alilitolea tahadhari mwaka 1986. Matope ya chini nayo yanaonyesha kuwa tangu miaka ya 1960 chokaa ilianza tena kurundikana, na wataalamu wamejadili iwapo chanzo chake ni mabadiliko hayo ya uhai wa ziwa.

Mwaka huohuo wa 1986 gesi ya kaboni dioksidi ilifumka kutoka Ziwa Nyos, nchini Kameruni, ikaua watu zaidi ya 1,700. Kivu lina gesi nyingi kuliko Nyos kwa mbali sana, na lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoingia ziwani mwezi Januari 2002, usalama wa wakazi wa kandokando ulitegemea matabaka kubaki imara, nayo yalibaki. Kwa sababu hiyo kanuni za wataalamu za mwaka 2009 zinataka maji yaliyokwisha kuondolewa methani yarudishwe kwenye kina ambacho hayatayadhoofisha matabaka wala kurutubisha maji ya juu kupita kiasi, na mtambo wa KivuWatt wa Rwanda, unaozalisha umeme kwa methani hiyo na wenye megawati 26, ulizinduliwa mwaka 2016 katika mazingira ya masharti hayo.

Historia hii inafundisha kwamba anayechota samaki au gesi anaigusa mizani nzima ya ziwa, hata kama nia yake ni njema. Ghuba ya Bukavu, ambayo kina chake hakizidi sana mita 100, haina hazina kubwa ya gesi, lakini samaki wake hutegemea maji hayohayo ya juu; hivyo upimaji wa kudumu, kama unaofanywa na watafiti wa hidrobiolojia wa Chuo cha Ualimu cha ISP Bukavu, ni haki ya mji huu, nao unastahili kutunzwa kwa fedha na kwa heshima sawa na barabara au umeme.