Hela: noti zilikufa, jina likabaki

Ukienda mnadani Bariadi leo utasikia, "Hela yako iko wapi?" Neno hilo tuliachiwa na Wajerumani. Mwaka 1904 waliigawa rupia yao kuwa heller 100, badala ya pesa 64 za zamani. Kwa hiyo "hela" na "pesa" zote ni sarafu zilizokufa zamani, ila majina yake bado tunayo mdomoni.

Sasa twende kwenye vita. Mwaka 1914 vilipoanza, rupia, heller na noti za Deutsch-Ostafrikanische Bank zilitoka Ujerumani kwa meli. Mwaka 1915 Waingereza wakaifunga pwani. Askari na wapagazi walitakiwa kulipwa, chakula kinunuliwe, na fedha mpya haiji. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee ikaanza kuchapa noti za muda hapa hapa nchini.

Kabla ya vita noti ndogo kabisa ilikuwa rupia 5. Hizi mpya zilishuka hadi rupia 1. Maana yake ni kwamba hata malipo madogo ya mtu wa kawaida sasa yalikuwa karatasi. Mwaka 1916, karakana ya reli ya Tabora ikafua pia sarafu za shaba nyekundu na njano, na za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo.

Tofauti iko hapa. Rupia ya fedha ilikuwa na gramu 11 na ushee za madini. Serikali ikianguka, madini yanabaki. Noti ni ahadi tu, na ahadi inahitaji mtu wa kuitimiza. Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza, iliyotawala pia eneo ambalo leo ni Simiyu. Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Aliyetoa ahadi kakimbilia kusini, ambako mwaka 1917 alichapa noti nyingine porini kwa mihuri ya mpira!

Hasara ikabaki kwa aliyeshika karatasi. Mkulima wa pamba anayetunza stakabadhi akisubiri malipo hahitaji kuelezwa sana.

Mwaka 1920 rupia yenyewe iliondolewa ikaja florini, kisha shilingi. Kwa hiyo ukiambiwa pesa fulani "ni salama", usiangalie karatasi ni nzuri kiasi gani. Uliza: nani kaahidi, na kesho atakuwepo?