Mswada, Mimeo na Habari za Usambara

Katika tanbihi za vitabu vya historia ya Tanzania limezagaa neno fupi ambalo wasomaji wengi hulipita bila ya kulisalimia: mimeo. Hufuata jina la mwandishi, anwani ya makala na mwaka. Maana yake ni kuwa karatasi hiyo haikupigwa chapa na mchapishaji yeyote. Ilitaipiwa kwenye stensili, ikarudufiwa, ikagawiwa semina. Neno lilitokana na mimeografu, mashine iliyouzwa Marekani na kampuni ya A. B. Dick tangu 1887. Mashine imekwisha zamani, neno limebaki.

Kiswahili kina neno la kale kuliko hilo, nalo ni mswada. Asili yake ni Kiarabu, musawwada, kilichotiwa weusi: rasimu iliyojaa wino, mikato na masahihisho. Mwenzake ni mubayyada, nakala safi, iliyotiwa weupe. Kiswahili kiliuchukua weusi kikauacha weupe. Bunge nalo likalitumia neno hilo kwa sheria isiyopitishwa, na maana haikubadilika sana: jambo bado. Hapo ndipo wafasiri wanapopotoka wanapoiita mimeo mswada. Mswada unangoja. Mimeo haingoji kitu. Mwandishi ameshaimaliza, wenziwe wameshaisoma na kuijadili, na wengine wameshajenga hoja juu yake.

Milima ya Usambara ni pahala pazuri pa kuipima tofauti hiyo, kwani historia yake imeandikwa kwa kila namna. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi alikuwa karani wa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliyekaa Mazinde chini ya milima. Yeye ndiye aliyetunga Habari za Wakilindi, tangu Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akatawazwa Vugha, mpaka vita vya urithi vilivyouvunja ufalme. Wamisionari wa UMCA waliupiga chapa mswada wake kwa sehemu huko Magila, kati ya 1895 na 1907. Hata hivyo kuchapwa si kufika. Ilibidi J. W. T. Allen aihariri upya ndipo East African Literature Bureau ikaitoa 1962, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata 1963. Allen huyuhuyu alizikusanya hati za Kiswahili na Kiarabu kwa maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapwa Leiden 1970. Hizo ndizo miswada kwa maana ya asili, na thamani yake haina ubishi.

Kisha akaja Steven Feierman. Aliishi Usambara mwishoni mwa miaka ya 1960, akawasikiliza wazee kwa Kisambaa, akaandika tasnifu mbili: moja ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, 1970, na nyingine ya Oxford, 1972, juu ya dhana za Washambaa kuhusu enzi. Mwaka 1974 kikatoka kitabu chake kuhusu ufalme huo. Ile ya Oxford ilibaki tasnifu. Je, nayo ni mswada? Imekamilika, imepasishwa, imejaladiwa, ina nambari yake katika rafu. Kinachokosekana ni njia ya kutoka Oxford hadi Lushoto.

Miaka hiyohiyo wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikuwa wakitumwa vijijini kukusanya simulizi. Zao mashuhuri ni makala za utafiti wa Maji Maji za 1968, zilizorudufiwa chuoni. Ni vigumu kukuta kitabu cha maana kuhusu vita hivyo kisichozitaja. Zimesomwa kuliko vitabu vingi vyenye majalada mazuri, nazo bado huitwa "zisizochapishwa", kana kwamba zimepungukiwa.

Lushoto ina karatasi za aina nyingine, na hizi zimegusa maisha ya watu zaidi kuliko tasnifu yoyote. Mradi wa kuhifadhi udongo ulianza bonde la Mlalo 1946. Wakulima wakashurutishwa kulima kwa matuta juu ya miteremko. Ukapanuliwa miaka ya 1950, watu wakaupinga, ukaachwa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 ukaja SECAP, mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko, kwa msaada wa Ujerumani. Kila mradi uliandikiwa taarifa za kitaalamu zilizopigwa taipu kwa ajili ya maofisa na wafadhili, aghalabu kwa Kiingereza. Mkulima aliyepimiwa mteremko wake hakuwa miongoni mwa wasomaji waliokusudiwa. Kuziita miswada ni kuzionea huruma zisizostahili: hazikuwa zikingoja kuchapwa, bali ziliandikwa zisitoke ofisini.

Neno waraka lingefaa zaidi kwa jamaa hii yote, kwa kuwa waraka hupita mkono kwa mkono na hauoni haya kuwa hauna mchapishaji. Mswada uachiwe rasimu na hati za watunzi. Na tanbihi isiishie kwenye mimeo, bali iseme karatasi imelala wapi, ili kijana wa Mlalo au Soni ajue abishe hodi mlango gani: waraka, nakala rudufu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1968.