Programu ya motere ya mazutu: kuibadilisha kunasaidia wapi?

Gari nyingi za mazutu zilizotengenezwa tangu miaka ya 2000 ziko na kompyuta ndogo inayoongoza motere. Ndiyo inaamua mazutu kiasi gani iingie, wakati gani, na turbo isukume hewa kwa nguvu gani. Fundi anachomeka mashine yake chini ya usukani, anasoma programu ya kiwanda, anabadilisha hesabu zake na kuirudisha. Land Cruiser yenye motere 1HZ, ile tunayoona kila siku, haihusiki: pampu yake haina kompyuta.

Bukavu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, na presha ya hewa imepungua karibu sehemu moja kwa sita. Ndiyo maana gari inachoka ukipanda Ngomo kutoka Kamanyola, turbo ikiwa bado haijaamka. Programu nzuri inaongeza nguvu motere ikizunguka polepole, shofere habadilishi vitesi kila kona. Mbaya inamwaga mazutu bila hewa ya kutosha: moshi mweusi, joto, kisha turbo inakufa.

Lakini mara nyingi ugonjwa hauko kwenye programu. Filtre imejaa vumbi, ama mpira wa turbo umepasuka. Sherti fundi aangalie hayo kwanza. Tena aweke kopi ya programu ya kiwanda, asiyeiweka, umkimbie. Na umuulize juu ya betri: ikishuka katikati ya kazi, kompyuta inaweza kufa kabisa.