Safu ya lugha: Masafa

Kutoka Tukuyu, gari huteremka katikati ya migomba na chai hadi Kyela, kisha Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Umbali huo ni masafa. Redio inayosikika ndani ya gari nayo ina masafa yake. Na huko ziwani, anayechagua vifaa visivyo na waya vya mashua ya tanga lazima azitenganishe maana hizo mbili.

Ya kwanza ni umbali, kama katika mbio za masafa marefu. Ya pili ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi. Wazee wetu waliosikiliza "masafa mafupi" walipata matangazo ya ng'ambo ya bahari: kilichokuwa kifupi ni wimbi, si safari yake.

Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 hivi. Toleo lake la nishati ndogo linatosha kupeleka kasi ya upepo kutoka ncha ya mlingoti hadi kwa nahodha, kwa betri ndogo tu. Lakini chuma huyazuia mawimbi hayo, na maji, hata yaliyo mwilini mwa binadamu, huyafyonza. Kuomba msaada majini kunataka redio ya VHF, chaneli 16, megahezi 156.8.

Muuzaji akikuambia kifaa kina "masafa makubwa", muulize: ya mita au ya hezi? Nasi waandishi tuseme "umbali" tunapopima mita, na "masafa" tunapopima hezi.