Al Ain: Mji Ulioishi kwa Maji ya Zamu

Ndugu msomaji, hebu tuanze na jina. Ulipokuwa madrasani ulifundishwa kwamba ‘ain’ kwa Kiarabu ni jicho, na pia ni chemchemi. Mji wa Al Ain, ulioko jangwani katika Falme za Kiarabu, waitwa hivyo kwa maana hiyo ya pili. Uko ndani ya Abu Dhabi, lakini ukivuka mpaka tu uko Buraimi, nchini Oman. Usitarajie majumba marefu kama ya Dubai. Sheria ya mji yayazuia.

Sasa jiulize: jangwani maji yatoka wapi? Jibu ni falaj, na kwangu mimi hili ndilo jengo kubwa kuliko yote ya Al Ain ingawa karibu lote limo chini ya ardhi. Wachimbaji walitafuta maji upande wa milimani, wakachimba kisima, kisha wakatoboa njia chini kwa chini yenye mteremko mdogo sana hadi mashambani. Kila baada ya hatua kadhaa waliacha shimo la kutolea mchanga na kuingiza hewa. Hakuna pampu, maji yateremka yenyewe. Pale Hili, wataalamu walifukua falaj ya miaka 3,000 hivi. Ni kwa mambo kama haya UNESCO iliandika maeneo ya kale ya Al Ain katika Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Yakifika kwenye mitende, maji yaligawanywa kwa zamu. Mchana zamu ilipimwa kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Lakini usidhani palikuwa na usawa! Zamu ilikuwa mali ya kuuzwa na kukodishwa. Mwenye nacho alimwagilia, maskini akangoja. Sheikh Zayed bin Sultan, aliyekuwa gavana hapo kuanzia 1946 hadi 1966, alivunja mtindo huo, akataka maji yawafikie watu bure. Akachimbisha na falaj mpya, Al Saruj, kazi iliyoanza kabla Abu Dhabi haijauza mafuta yake ya kwanza mwaka 1962. Yaani pesa zilikuwa bado. Huyu ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo mwaka 1971.

Tukitoka mashambani twafika ngome ya Al Jahili, iliyoanza kujengwa 1891. Ndani yake kuna maonyesho ya picha za Mwingereza Wilfred Thesiger, aliyevuka jangwa la Rub al-Khali kwa ngamia na wenzake Mabedui. Walimwita Mubarak bin London. Mwaka 1948 alifika kwa Sheikh Zayed, akamkuta nje ya ngome ya Muwaiji, ameketi chini ya mti wa miiba akisikiliza kesi za watu. Na kumbe mzee huyu si mgeni kwetu Kenya: uzeeni aliishi miaka mingi Maralal, pamoja na Wasamburu.

Wapenzi wa kandanda, sijawasahau. Klabu ya Al Ain iliundwa 1968, na imetwaa ubingwa wa klabu za Asia mara mbili, 2003 na 2024. Uwanja wake wa Hazza bin Zayed, uliofunguliwa Januari 2014, waingiza watu kama 25,000, na ukuta wake wa nje umeumbwa kwa mfano wa magamba ya shina la mtende. Si urembo mtupu. Ukuta na paa vimepangwa ili kivuli kiwafunike watazamaji, kazi ileile ya mtende shambani. Hapo ndipo Desemba 2018, katika Kombe la Dunia la Klabu, Al Ain iliitoa River Plate ya Argentina kwa penalti baada ya sare ya 2-2. Fainali walifungwa 4-1 na Real Madrid, lakini nani alitarajia hata wafike huko?

Shida yao kubwa haiko uwanjani. Visima vya mashine vimenyonya maji ya ardhini miaka na miaka, kina kimeshuka na falaj za kale zimekauka. Ukitembea leo katika oasisi ya Al Ain, yenye mitende zaidi ya 147,000, utaona maji yakipita kwenye mifereji ileile. Yameletwa na pampu.