Ragamala: Raga Zilipopewa Sura

Mwanamke amesimama peke yake porini, ala ya nyuzi iitwayo vina ikiwa begani, na swala wamemkaribia wasikilize. Mjuzi wa picha za India haulizi huyo ni nani: ni Todi. Na Todi ni raga, yaani utaratibu wa sauti ambao mwanamuziki huufuata anapobuni muziki wake papo hapo.

Raga nyingi zina saa au majira yake. Megha ni ya mvua, Vasanta ni ya machipuko, Bhairavi ni ya asubuhi. Washairi walizipa raga hizo sura za miungu, mashujaa na wapenzi. Wachoraji nao wakazitia rangini. Mfululizo wa picha hizo huitwa ragamala, yaani mkufu wa raga. Kwa kawaida huwa na picha 36: raga sita ni waume, na kila mume ana wake watano waitwao ragini. Huko kwenye vilima vya Himalaya, wachoraji walifuata maandishi ya Mesakarna ya mwaka 1570, wakaongeza na watoto.

Picha za mwanzo zinazojulikana ziko pembezoni mwa kitabu cha dini ya Kijaini kilichoandikwa magharibi mwa India mnamo 1475. Mwaka 1591, huko Chunar karibu na Varanasi, wachoraji waliofunzwa katika karakana ya wafalme wa Mughal walikamilisha mfululizo ambao wenzao wa falme za Bundi na Kota waliuiga kwa vizazi. Katika ufalme wa Mewar, mchoraji Nasiruddin alichora mfululizo wake huko Chawand mwaka 1605, na Sahibdin akafuata mwaka 1628.

Kuiga huko ndiko kulikozitenga picha na muziki. Mwanamuziki alijifunza kwa kumsikiliza mwalimu wake, na raga zikawa zinabadilika kila kizazi. Mchoraji alijifunza kwa kutazama picha ya aliyemtangulia; hakulazimika kujua hata sauti moja ya Todi ili awaweke swala mahali pao. Ndiyo maana swala walibaki pale pale huku muziki ukisonga mbele.

Karne ya 19 wafalme waliowafadhili wachoraji walipungukiwa nguvu, na uchoraji wa ragamala ukafifia. Karne iliyofuata, mtaalamu wa muziki Vishnu Narayan Bhatkhande alizipanga raga upya katika makundi 10 kwa kuangalia sauti zake. Waume, wake na watoto hawakuwa na nafasi tena katika nadharia hiyo ya muziki. Anayetaka kuijua familia hiyo leo, mwalimu wake ni wachoraji.