Taka Mlinzi wa Taka

Kiswahili kina jina lisilo na heshima kwa makapi yabakiayo tanurini chuma kikishayeyushwa: mavi ya chuma. Hata hivyo, mwaka 1862 Mjerumani Emil Langen alitambua kwamba makapi hayo, yakipozwa ghafula kwa maji kisha yakachanganywa na chokaa, hushikana yakawa jiwe. Mwaka 1957, mjini Kiev, Viktor Glukhovsky akaonyesha kuwa yaweza kushikana kwa magadi na chumvi za jamii yake, pasipo saruji.

Elimu hiyo ilipata uzito mpya Marekani. Tangu miaka ya 1950, huko Savannah River, South Carolina, serikali ilitengeneza plutoniamu ya silaha za nyuklia. Taka zake zenye mnururisho ziliwekwa katika matangi 51 ya chuma chini ya ardhi, na baadhi yakavuja.

Mwaka 1990 ilianza kazi ya kuyageuza maji ya chumvi ya matangi hayo, yakishapunguzwa makali, kuwa jiwe. Yalichanganywa na unga mkavu. Kwa miaka mingi katika kila mafungu 100 ya unga huo, 45 yalikuwa mavi ya chuma, 45 majivu ya makaa ya mawe yaliyonaswa katika dohani za vituo vya umeme, na 10 tu saruji. Uji huo humiminwa katika maghala ya zege, ukagandia humo.

Nguvu ya jiwe hilo si ugumu pekee. Ndani ya taka mna teknetiamu-99, ambayo nusu yake huchukua miaka ipatayo 211,000 kutoweka, nayo husafiri upesi na maji. Salfa iliyomo katika mavi ya chuma huibadili isiyeyuke kwa wepesi. Lakini hewa ikipenya katika nyufa, kifungo hulegea, na safari huanza upya.

Saruji ya Portland, aliyoiandikisha Joseph Aspdin mwaka 1824, ina umri wa karne mbili na ushei. Nduguye huyu mdogo amekabidhiwa amana ya maelfu ya karne. Tena majivu yanaadimika. Uingereza, ambayo nayo hufungia taka zake kwa michanganyiko ya namna hii, ilifunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe mwaka 2024. Ni heri kwa hewa, ni mtihani kwa walinzi wa taka.

Waliozizalisha taka hizo hawatakuwapo kuuliza kama jiwe limetimiza ahadi. Watakaouliza ni watu ambao lugha zao bado hazijazaliwa.